Mvua ya miaka 50 imetupiga mara mbili ndani ya miaka mitano: je, tulidanganywa?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Moshi Vijijini, na ni mweka hazina wa kamati ya barabara ya kitongoji chetu. Mwaka 2019 tulichangishana tukajenga kalavati kwenye korongo linalotutenga na shule na zahanati. Mhandisi alituambia limepimwa kwa mvua ya miaka 50. Masika ya 2020 maji yalipita juu yake. Masika ya 2024 yakapita tena, safari hii yakang'oa ukingo mmoja. Wajumbe wanasema tulidanganywa, na wengine wanataka mhandisi arudishe fedha. Jambo la pili: namba zake alizitoa kwenye daftari la mvua la shamba la kahawa la jirani, nalo lina miaka 34 tu. Mtu anapimaje mvua ya miaka 50 kwa daftari la miaka 34?

JIBU: Shikamoo Mwalimu.

Poleni sana, wewe na kitongoji chako. Najua wajumbe wanasubiri neno, kwa hiyo nianze na jibu fupi. Kwa uliyoniandikia, sioni sababu ya kumwita mhandisi wenu tapeli. Lakini ile namba 50 nami siiamini tena, na ningekuwa mjumbe wa kamati yako nisingekubali hata mfuko mmoja wa saruji ufunguliwe pale korongoni mpaka ihesabiwe upya. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila kugombana, na nitakueleza kwa nini. Swali lako la pili ndilo zito zaidi, na nimefurahi kwamba ameliuliza mwalimu.

Tuanze na maneno yenyewe. Msemo "mvua ya miaka 50" umewaponza watu wengi, na lawama ni ya sisi tunaoutumia. Mtu akiusikia anaelewa ni mvua inayorudi kila baada ya miaka 50, kama sensa inavyorudi kila baada ya miaka 10. Ikishapita, basi, tumepumzika hadi zamu ya wajukuu. Maana yake halisi ni hii: mvua kubwa kiasi kwamba katika mwaka wowote ule, uwezekano wa kuifikia au kuizidi ni 1 kati ya 50, yaani asilimia 2. Chukua kapu lenye gololi 50, 49 nyeupe na 1 nyekundu. Kila mwaka unafumba macho, unachomoa moja, unaitazama, unairudisha kapuni. Kapu halikumbuki ulichomoa nini mwaka jana.

Sasa piga hesabu. Uwezekano wa kuukwepa wekundu kwa mwaka mmoja ni 0.98. Kuukwepa miaka 30 mfululizo ni 0.98 ikizidishwa kwa yenyewe mara 30, unapata karibu 0.55. Kwa hiyo kalavati lililopimwa kwa uaminifu wote kwa mvua ya miaka 50, likikaa miaka 30, lina uwezekano wa asilimia 45 wa kuzidiwa angalau mara moja. Likikaa miaka 50 kamili, asilimia 64. Namba hizi zilipaswa kusemwa kwenye mkutano wa kwanza kabisa, kabla mtu hajatoa mchango wake, kwa sababu zinabadilisha uamuzi wenyewe. Mtu akijua kwamba maji yana nafasi karibu sawa kwa sawa ya kupita juu ya kalavati katika umri wake, hatauliza tu "litabeba maji kiasi gani?" Atauliza pia "siku maji yakipita juu yake, litabaki?" Swali hilo la pili nitalirudia mwishoni.

Tuje kwenu. Kuzidiwa mara moja katika masika tano, 2020 hadi 2024, kungekuwa bahati mbaya ya kawaida, kitu cha asilimia 10 hivi. Kuzidiwa mara mbili ni jambo jingine: hesabu inatoa takriban 4 kati ya 1,000. Hapo ndipo wajumbe wako wanaposimama, na hisia zao si za kupuuzwa.

Hata hivyo kuna mambo mawili ya kuweka mezani kabla ya kuhukumu. La kwanza, nchi hii ina maelfu ya makalavati. Hata kama yote yangepimwa kwa usahihi usio na doa, katika kila 1,000 manne hivi yangezidiwa mara mbili ndani ya miaka mitano kwa bahati tu, na wenye hayo manne ndio wanaoandika barua. Wale 996 wengine hawana cha kuniuliza. La pili linakwenda upande wa pili. Tuseme mhandisi alikosea bila kujua, na kalavati lenu kwa kweli ni la mvua ya miaka 10. Uwezekano wa kuzidiwa mara mbili ndani ya miaka mitano ungekuwa asilimia 8. Linganisha: 4 kati ya 1,000 kwa dhana ya miaka 50, 80 kati ya 1,000 kwa dhana ya miaka 10. Yaliyowapata yanaelezeka mara 20 zaidi na dhana ya pili. Ndiyo maana nasema namba 50 siiamini tena. Kwamba mtu alidanganya, hilo hesabu haisemi kabisa, kwa sababu zipo njia nyingi za halali za kuandika 50 mahali palipostahili 10. Nyingine zinatokana na hilo daftari.

Niliwahi kukaa wiki nzima na daftari kama hilo, la shamba moja chini ya Mlima Meru. Jalada lilikuwa limeliwa na mende. Mwandiko ulibadilika kila karani alipobadilika: mmoja aliandika namba nyembamba zilizoinama, mwingine alibonyeza kalamu mpaka ukurasa wa nyuma ukaonyesha alama. Kwa siku kadhaa nilishangaa kwa nini Jumatatu za shamba lile zilikuwa na mvua kubwa kuliko siku nyingine. Kisha nikaona Jumapili zote zina kistari. Karani hakuja kazini Jumapili, na Jumatatu saa tatu asubuhi alimimina kwenye silinda maji ya siku mbili, akayaandika kama ya siku moja. Kwa mtu anayetafuta wastani wa mwezi kosa hilo halina madhara, kwani jumla iko palepale. Kwa mtu anayetafuta siku kubwa kuliko zote, ni sumu. Kabla ya fomula yoyote, mwambie mhandisi akaangalie Jumatatu.

Daftari likishasafishwa, kazi inaanza kwa kutupa karibu kila kitu. Kila mwaka una mistari 365, na tunachukua mmoja tu, wa siku iliyonyesha kuliko zote. Mvua za kuoteshea mahindi, manyunyu ya Juni, vipindi virefu vya Aprili, vyote tunaviacha. Miaka 34 inatupa namba 34. Tunazipanga kutoka ndogo hadi kubwa. Kubwa kuliko zote tunaipa kipindi cha 34 jumlisha 1, yaani miaka 35, ya pili tunaigawia 35 kwa 2, inapata miaka 17 na nusu, ya tatu 35 kwa 3, karibu 12, na kuendelea. Tunaziweka kwenye karatasi maalumu ya grafu ambayo mhimili wake wa miaka umevutwa na kubanwa kwa namna ambayo, mambo yakienda sawa, nukta zinajipanga karibu na mstari ulionyooka. Kisha tunaurefusha mstari kupita miaka 35, hadi 50, hadi 100.

Hapo ndipo unaponishika, Mwalimu, na una haki. Ni nani aliyetupa ruhusa ya kurefusha mstari kwenda mahali ambapo hatuna hata nukta moja?

Ruhusa inatoka kwenye hesabu, na kwangu ni moja ya matokeo mazuri kuliko yote katika takwimu. Unaijua sheria ya wastani: ukichukua wastani wa vipimo vingi, urefu wa watoto au uzito wa magunia, wastani hizo hujipanga kwa umbo la kengele, hata kama vipimo vyenyewe havikuwa na umbo hilo. Wengi wanadhani sheria hiyo inatosha kwa kila kitu, wanachukua wastani, wanaongeza kiasi cha mtawanyiko, wanasema hapo juu hapafikiki. Makosa. Vilele vina sheria yake. Mfaransa Maurice Fréchet mwaka 1927, kisha Waingereza Ronald Fisher na Leonard Tippett mwaka 1928, walionyesha kwamba ukichukua kubwa kuliko zote katika kundi, na kundi jingine, na jingine, basi vilele hivyo vikitulia kwenye umbo lolote la kudumu, umbo hilo haliwezi kuwa nje ya familia tatu. Mrusi Boris Gnedenko alikamilisha uthibitisho mwaka 1943. Tippett alifika huko kupitia pamba: alifanya kazi kwenye utafiti wa viwanda vya nguo, na uzi haukatiki kwa nguvu yake ya wastani, hukatika pale palipo dhaifu kuliko kote. Anayejua kamba ya katani anajua hivyo bila kufundishwa.

Familia hizo zinatofautiana kwa mkia, yaani kwa jinsi vitu vikubwa sana vinavyopungua kadiri unavyokwenda mbali.

Ya kwanza ina ukuta. Februari 1974, Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wetu, mzaliwa wa Karatu, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 na kuweka rekodi ya dunia. Mwaka 1998 Hicham El Guerrouj wa Moroko alikimbia kwa 3:26.00. Miaka 24, mashindano yasiyohesabika, viatu vipya, viwanja vipya, na rekodi ikashuka sekunde 6 tu. Mwili wa binadamu una kikomo, na rekodi zinakikaribia kwa hatua zinazozidi kuwa fupi. Umri wa kuishi huenda nao uko hivyo. Jeanne Calment wa Ufaransa alifikisha miaka 122 na aliaga dunia mwaka 1997.

Familia ya pili haina ukuta, lakini mkia wake unapungua haraka. Hii inaitwa kwa jina la Emil Gumbel, Mjerumani aliyefukuzwa chuo kikuu cha Heidelberg mwaka 1932 kwa sababu alikuwa ameandika waziwazi juu ya mauaji ya kisiasa nchini mwake. Alikimbilia Ufaransa, na mwaka 1940 akaenda Marekani. Huko ndiko alikoifanya hesabu hii kuwa kifaa cha wahandisi wa mito. Namheshimu mtu huyu kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Familia ya tatu, ya Fréchet, ina mkia mzito. Kilele cha mwaka huu kinaweza kukizidi cha miaka yote iliyopita kwa mbali, bila dalili. Hasara za bima za majanga ziko hivi, na miporomoko ya masoko ya hisa pia. Mwaka 1955 Mwingereza Jenkinson, mtaalamu wa hali ya hewa, aliziunganisha familia zote tatu kwenye fomula moja, ambayo ndani yake namba moja tu inaamua mkia: ikiwa hasi kuna ukuta, ikiwa sifuri ni Gumbel, ikiwa chanya ni mkia mzito. Kumbuka namba hiyo, maana ndiyo iliyobeba sehemu ya kesi yenu.

Kwa hiyo tunaporefusha mstari hatubahatishi umbo. Umbo limeshafungwa kwenye familia tatu, na daftari linatuambia ni ipi na kwa vipimo gani. Waholanzi waliweka maisha yao juu ya hoja hii. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 Bahari ya Kaskazini ilivunja kingo zao na watu 1,836 walikufa. Pale Hoek van Holland maji yalifika mita 3.85 juu ya usawa wao wa kawaida. Serikali iliunda tume, na wanahisabati wakiongozwa na David van Dantzig walikaa na kumbukumbu za kina cha maji zisizofikisha hata miaka 100. Kutokana na kazi hiyo, kingo za katikati ya nchi zilipangiwa kuhimili maji ya mita 5, ambayo uwezekano wake ulikadiriwa kuwa 1 kati ya 10,000 kwa mwaka. Miaka 10,000 kutoka kwenye daftari lisilofika 100! Ukilinganisha na hilo, mhandisi wenu, kutoka 34 kwenda 50, alichukua hatua fupi sana.

Lakini kila hatua nje ya daftari inakuja na ukungu wake, na kosa la kweli la wataalamu wengi ni kuitaja namba na kuuficha ukungu. Nitumie namba za mfano, si za kituo chochote. Tuseme vilele vyenu 34 vina wastani wa milimita 80, na mchepuko wake sanifu, yaani jinsi vinavyotawanyika kuzunguka wastani, ni milimita 25. Kwa njia ya Gumbel, mvua ya miaka 10 inatoka milimita 113, ya miaka 50 inatoka 145, ya miaka 100 inatoka 158. Mhandisi anaandika 145, anapiga muhuri. Ila ukihesabu pia ni kwa kiasi gani miaka 34 inaweza kupotosha, unakuta 145 hiyo ina nafasi ya kuyumba milimita 28 kila upande. Ukweli unaweza kuwa 117, unaweza kuwa 173, na daftari halina uwezo wa kukuchagulia. Ni kama kumtazama Kibo asubuhi ya mawingu: unajua mlima upo, unajua uko upande gani, lakini hujui kilele kimeishia wapi. Kama ukweli wa pale kwenu ni 173, basi kalavati lililopimwa kwa 145 lilikuwa dogo tangu siku ya kwanza, na aliyelipima hakukosea hata mstari mmoja wa hesabu.

Kuna na ile namba ya mkia. Wahandisi wengi, kwa mazoea, huiweka sifuri, yaani hutumia Gumbel bila kujiuliza. Mwaka 2013 Wagiriki wawili, Papalexiou na Koutsoyiannis, walichapisha uchunguzi wa vilele vya mvua ya siku kutoka vituo zaidi ya 15,000 duniani. Walikuta kwamba kwa ujumla mkia wa mvua ni mzito, ile namba ikiwa karibu na 0.1. Inaonekana ndogo. Irudishe kwenye mfano wetu bila kubadili kitu kingine: mvua ya miaka 50 inapanda kutoka 145 hadi 162, na ile 145 iliyopigiwa muhuri inakuwa mvua ya miaka 28. Karibu nusu ya ahadi imepotea kwa uamuzi mmoja ambao pengine haukutajwa popote kwenye ripoti. Daftari la miaka 34 peke yake haliwezi kuipima namba hii vizuri, kwa hiyo ningemtaka mhandisi aunganishe vituo vya jirani, na pia atumie siku zote zilizopita kiwango fulani, tuseme milimita 50, badala ya siku moja kwa kila mwaka. Njia hiyo ya pili ina msingi wake wa hesabu tangu miaka ya 1970 na inalikamua daftari vizuri zaidi.

Sasa niseme ninachokishuku zaidi kwenu, nacho kiko nje ya fomula. Daftari la shamba linapima mvua ya saa 24. Milimita 60 zilizonyesha taratibu usiku kucha na milimita 60 zilizomwagika kwa saa moja zinaandikwa sawa. Mto mkubwa kama Kikuletwa huenda usizitofautishe sana. Korongo lenu, linaloanza kilomita chache tu juu yenu, linazitofautisha vibaya sana: ya kwanza itaingia kwenye udongo wa vihamba, ya pili itashuka yote kwa mkupuo. Kama mhandisi alitumia mvua ya siku na kuigawanya kwa makisio ili kupata ya saa, basi kiungo dhaifu cha hesabu yote kiko hapo.

Na je, hivyo vihamba bado vipo? Milimita 1 ya mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni 1. Chini ya migomba na kahawa sehemu kubwa hunywewa. Chini ya mabati, sementi na barabara zilizoshindiliwa, karibu zote zinakuja kwenu. Huku Arusha nimeishuhudia Naura ikipandisha maji kwa mvua ambazo zamani hazikuwa habari, kwa sababu miteremko ya juu ya mji imejaa nyumba. Daftari linaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu mvua, na korongo likawa limebadilika.

Tena, ile hesabu yangu ya 4 kati ya 1,000 ilidhani kwamba kila mwaka unachomoa gololi upya kutoka kapu lilelile. Angalia miaka yenu miwili. Vuli ya 2019 ilikuwa nzito katika Afrika Mashariki kwa sababu upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko wa mashariki kwa kiwango kisicho cha kawaida. Vuli ya 2023 hali hiyohiyo ilikutana na El Niño. Mara zote mbili masika ilikuta ardhi imeshashiba. Korongo linalopokea maji juu ya ardhi iliyoshiba haliko kwenye kapu lile la kawaida. Na hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo kapu lenyewe linaongezwa gololi nyekundu polepole. Wataalamu siku hizi huziruhusu namba za fomula zibadilike na miaka. Kwa data za miaka 34 sishauri kwenda mbali huko, inatosha kuongeza nafasi ya tahadhari na kuisema wazi.

Mwisho kuna jambo lisilohitaji takwimu. Siku ile ya 2024, mdomo wa kalavati ulikuwa wazi? Gogo moja, majani ya migomba na mifuko vinaweza kuligeuza kalavati la miaka 50 kuwa la miaka 5. Waulize vijana waliofika asubuhi ile walikuta nini.

Kuhusu fedha, ushauri wangu ni mumwite mhandisi mkae, bila kesi, na mumwombe majibu kwa maandishi: alitumia mvua ya muda gani, familia gani ya mkia, ukungu wa ile namba ni upana gani, na eneo lililo juu ya korongo alilihesabu kama vihamba au kama nyumba. Akijibu vizuri, mna mtu wa kuendelea naye. Akisema hakuna ukungu, hapo tafuteni mwingine. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko hapohapo Moshi; waulizeni pia kama wana vipimo vya mto wa karibu.

Ujenzi wenyewe, msishindane kulifanya kalavati kubwa zaidi hadi fedha ziishe. Sehemu ya fedha hiyo iende kwenye kulifanya livumilie kupitiwa juu: barabara ishuke kidogo pale katikati kama drifti, uso wake uwe wa zege, upande wa kutokea maji upangwe mawe makubwa yaliyofungwa kwa waya, na kingo zipate mbawa za zege. Maji yatapita juu siku moja, hilo nimekwisha kukuonyesha kwa hesabu. Yakipita kwa muda wa saa tatu na kuacha barabara mahali pake, hiyo ni adha tu. Na wakati yanapita, asivuke mtu. Aprili 2024 hapa Arusha, pale Muriet, gari la wanafunzi lilisombwa na maji ya korongo na watoto walikufa. Chimbieni nguzo mbili zenye mnyororo, kila upande moja, na ajulikane kwa jina nani anaufunga mnyororo huo maji yakifika alama nyekundu.

Alama hiyo, pamoja na vipimo vya kila sentimita 20, ichorwe mwaka huu, kwenye ukuta wa kalavati, kwa rangi ya mafuta. Kila baada ya mvua kubwa mtu aandike tarehe, saa, na maji yalipoishia. Wazee nao wasisahauliwe. Wapo wanaokumbuka mvua za El Niño ya 1997 na 1998, na pengine wa umri wako wanakumbuka za mwishoni mwa 1961. Mzee akikuonyesha jiwe na kusema "hapa ndipo maji yalifika", na mwingine akaonyesha palepale bila kuambiwa, pimeni urefu wake. Alama moja ya 1961 inaweza kulipunguzia daftari la miaka 34 ukungu mwingi, na fomula ya kuiingiza ipo.

Na lile daftari, Mwalimu, mwombe mwenye shamba akuruhusu ulipige picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na jalada na maandishi ya pembeni, kabla mende hawajalimaliza. Nitumie. Nitaanza na Jumatatu.